Chai ya Toro imefika Walukuba

Walukuba, mtaa wetu wa hapa Jinja, Uganda, hatujawahi kuwa na shida ya chai. Saa kumi na moja alfajiri, kabla boda wa kwanza hajawasha, masufuria yameshachemka juu ya sigiri kando ya soko, na mwenye kutaka kikombe cha maziwa na mandazi mawili hana safari ndefu. Yupo mama wa chini ya mwembe anayetia tangawizi mpaka masikio yapate moto. Yupo wa upande wa Masese anayewauzia wavuvi wakitoka ziwani: chai ya rangi, nzito, sukari ya Kakira imemiminwa humo bila kuhesabu vijiko. Yupo kijana wa chapati ambaye kwake chai ni nyongeza tu ya roleksi, chapati iliyoviringishiwa mayai. Kwa hiyo habari zilipoenea kwamba kumefunguliwa hoteli inayouza chai basi, si pilau wala katogo ya ndizi, na kwamba kikombe ni shilingi 4,000, mtaa ulicheka sana. Kwa mama wa mwembe ni 1,000, na ukikaa muda anakuongezea nusu kikombe bila kuuliza.

Mimi sikucheka, maana mwenye hoteli nilimfundisha. Darasa la sita, benchi la nyuma karibu na dirisha, msichana wa maswali yasiyokwisha. Baadaye alifanya kazi katika mikahawa ya Kampala, ile ya kahawa yenye povu na michoro juu yake, kisha akarudi nyumbani na kuchukua nyumba ya marehemu babu yake. Ni moja ya zile nyumba za safu zilizojengwa enzi za mkoloni kwa ajili ya wafanyakazi wa viwandani, wakati bwawa la Owen Falls na kiwanda cha nguo cha Nytil vilipokuwa vikivuta watu kutoka kila upande. Ndiyo maana hapa kwetu Mluo, Mwacholi, Msamia na Mkongo hugombana kwa Kiswahili. Amebomoa ukuta kati ya sebule na chumba cha kulala, amepaka chokaa nyeupe, ameweka meza chache na viti visivyofanana. Baraza ameiacha ilivyokuwa, na kwa hilo nampa alama zote. Ukiketi pale unaona barabara nzima, na barabara nzima inakuona.

Nilikwenda na Taniboi. Ana jina lake, lakini hakuna anayelitumia. Taniboi lilimganda tangu ujana, alipokuwa akikaa nyuma ya lori kulinda turubai, na hata alipokabidhiwa usukani, akaoa, akapata wajukuu, halikubanduka. Sasa mgongo umemstaafisha. Nilimchagua yeye kwa sababu sehemu kubwa ya maisha yake ya udereva aliitumia kubeba chai, kutoka viwanda vya magharibi hadi Mombasa, na nilitaka kumsikia akimtukana mwanafunzi wangu kwa bei yake. Hakumtukana. Kilichotokea ni kingine.

Kwanza, maamkizi. Msichana alitoka jikoni na birika mkononi, akaniona, akapiga magoti papo hapo kwenye sakafu ya saruji, mbele ya wateja wake wenye kompyuta mapajani, akatuamkia kwa Kisoga mpaka tukaulizana habari za nyumbani, za kazi na za mvua. Kisha akasimama, akapangusa gauni, akatuambia kwa Kiingereza cha Kampala kwamba waifai ni ya bure. Nilifurahi. Kuna hoteli mjini ambako wahudumu hawakuamkii hata kwa nyusi.

Menyu ni karatasi moja, na imeandikwa Kiingereza kitupu, jambo ambalo nimeshamwambia na nitarudia kumwambia, kwa sababu hii ni Walukuba. Lakini yaliyomo yalimnyamazisha Taniboi. Hakukuwa na orodha ya vionjo vya matunda kama nilivyotegemea. Kulikuwa na majina ya mahali: Toro, Bushenyi, Kanungu, Buikwe. Chini yake mchaichai na mujaaja, majani ya harufu nzuri, na chini kabisa, kwa herufi ndogo, chai ya maziwa. Taniboi alivaa miwani, akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza.

"Hii nimeibeba," akasema. Kidole kikashuka. "Hii nimeibeba. Hii nimeibeba, na barabara yake ya milima usiniulize. Hii ya Buikwe hata wewe unaiona ukipita Lugazi, lakini hiyo pia nimeibeba."

"Na umezinywa?"

"Mwalimu, mzigo haunywewi."

Hapo ndipo nilipomwacha aseme, na aliyoyasema ndiyo yaliyonifanya niandike makala hii.

Chai, kwa mtu wa lori, ni gunia la karatasi ngumu lenye tabaka kadhaa, limepangwa juu ya mengine kwa ustadi ili lisipasuke kwenye kona. Ubavuni limepigwa chapa: jina la kiwanda, gredi, namba ya shehena, uzito. Taniboi amesoma majina hayo kwenye magunia tu, usiku, kwa tochi, akilinganisha na hati za mzigo kabla ya kutia sahihi. Kabla ya kupakia, karani wa ghala huingia ndani ya bodi ya lori na kunusa. Ananusa kweli, pua karibu na mbao. Kama safari iliyopita ulibeba samaki, vitunguu, sabuni au dizeli, chai haipakiwi, kwa sababu chai huvuta harufu yoyote iliyo jirani na haiiachii tena. Halafu hupanda mtu kukagua turubai, maana tundu dogo likikutana na mvua ya Tororo ni hasara ya gunia zima, na hasara hiyo ina namna ya kumwangukia dereva.

Wakati wa kusubiri zamu yake uani alijifunza kiwanda kinavyofanya kazi. Majani mabichi yanaletwa kwa pikapu kutoka vituo vya mashambani, na lazima yafike siku hiyohiyo, kwani yakilundikana yanapata joto na kuungua yenyewe. Yanatandazwa usiku yanyauke. Asubuhi yanapitishwa kwenye mitambo yenye meno inayoyakata, kuyachana na kuyafinyanga yawe chembechembe. Chembe hizo huachwa zishike hewa mpaka zigeuke kutoka kijani kuwa rangi ya shaba, kisha zinakaushwa kwa joto la tanuri linalolishwa kuni za mkaratusi, marundo na marundo yake nje ya kila kiwanda. Mwisho ni chekeche. Chembe kubwa zinaitwa BP1, zinazofuata PF1, na kadhalika mpaka chini kabisa, ambako kuna vumbi.

"Na hilo vumbi ndilo unalonunua dukani," alisema, akinitazama juu ya miwani. "Si baya. Linatoa rangi upesi na linakubali maziwa. Lakini ile nyingine yote tuliifunga, tukatiwa sili, tukaenda."

Walikwenda wapi, nilijua nusunusu kama wengi. Fort Portal, Mubende, Mityana, Kampala, halafu hapahapa Jinja. Wakati mwingine alipita na mzigo usiku, mita chache kutoka kitandani kwake, wala hakusimama. Bugiri, Tororo, foleni ya Malaba. Ng'ambo ya mpaka Eldoret, mteremko wa Salgaa ambao madereva huusali, Nakuru, Nairobi, Mtito Andei, na mwisho maghala ya Shimanzi, Mombasa. Humo sampuli huchotwa, waonjaji hunyonya kwa kijiko kwa kelele na kutema, na kila wiki chai huuzwa kwa mnada ambao siku hizi unaendeshwa kwa kompyuta. Zaidi ya asilimia 90 ya chai ya Uganda husafirishwa nje, na sehemu kubwa ya safari hiyo hupitia mnada huo. Wanunuzi wa Pakistan, Misri na Uingereza huichanganya na chai ya Kenya na kwingineko, na pakiti inapofika rafuni Karachi au Cairo, jina la Toro limeshabaki kwenye gunia lililochanika.

Nadhani hapa ndipo penye uchungu wa jambo lenyewe. Chai yetu imekuwa kwa miaka mingi ya kujazia. Bei yake mnadani huwa chini ya ya Kenya na ya Rwanda, na sababu zinajulikana shambani. Mchumaji anatakiwa achume majani mawili na chipukizi, lakini kama analipwa kwa kilo, na kilo yenyewe haina thamani, anachuma manne na kijiti chake. Majani magumu yanatoa chai dhaifu, chai dhaifu inashusha bei, bei inamfikia mkulima ikiwa imeshuka zaidi, naye msimu unaofuata hanunui mbolea. Wapo Bushenyi na Kabarole walioiacha chai yao ikawa kichaka. Mtu ambaye jina lake halionekani popote kwenye pakiti ana sababu gani ya kuona haya kwa kilichomo ndani?

Na kichaka cha chai kina historia yake hapa. Mmea huu uliletwa kwenye bustani ya mimea ya Entebbe mwaka 1900, mashamba makubwa yakafuata baadaye, mengi yakiwa ya Wazungu na Wahindi. Agosti 1972 Idi Amin akawapa Waasia siku 90. Jinja inaikumbuka hesabu hiyo vizuri kuliko miji mingi, kwani maduka ya mji mzima yalibadilisha wenyewe. Mashambani hakukuwa na wa kupogoa, na chai isiyopogolewa haikai kichaka kifupi cha kiunoni, inakwea na kuwa mti. Taniboi ameiona, miti ya chai mirefu kuliko nyumba, ndege wameweka viota. Kufufua kulichukua miaka mingi, na viwanda vya wakulima wadogo kama Igara, Kayonza, Mpanga na Mabale vikaishia mikononi mwa wakulima wenyewe. Hiyo ni habari njema niliyokuwa nimeisahau mpaka nilipoketi kwenye baraza ile.

Chai ikaja. Tuliagiza ya Toro, birika moja, vikombe viwili.

Nitaeleza alivyoiandaa, kwa sababu aliiandaa mezani petu na Taniboi hakupepesa. Alimimina maji ya moto kwenye birika tupu, akalizungusha, akayamwaga kwenye chungu cha maua. Akafungua kopo, akatoa vijiko viwili vya chembe ndogo nyeusi zenye mng'ao wa hudhurungi. Akamimina maji yaliyokuwa bado yanabubujika, akafunika, akageuza saa ya mchanga. Hakuna aliyeongea mpaka mchanga ulipokwisha, na kwa Taniboi hiyo ni rekodi. Alipomimina kupitia chujio, rangi ilikuwa nyekundu iliyo wazi, unaona kitako cha kikombe, na pembeni palikuwa na mzingo mwembamba wa rangi ya dhahabu.

"Sukari ipo," alisema msichana, "lakini naomba mjaribu kwanza bila."

Taniboi ni mtu wa vijiko vitatu. Daktari amemkataza, mkewe amemkataza, hajasikia. Alimtazama yule mtoto kwa muda, akanywa. Akanywa tena. Mimi niliona chai iliyochangamka, yenye ukali mdogo unaokuja nyuma ya ulimi na kuondoka, na harufu ya majani mabichi ambayo sijawahi kuipata kwenye kikombe cha maziwa. Kusema kweli, baada ya kikombe cha pili nilitia sukari. Yeye hakutia.

"Hii haijaona Mombasa," alisema.

"Imetoka kiwandani moja kwa moja," alijibu msichana.

Hapo ndipo alipojibu swali ambalo mtaa ulikuwa ukiliuliza kwa kicheko. Elfu nne zinakwenda wapi? Sehemu inakwenda kwa maji ya kununua, kwa umeme, kwa birika za vioo zinazovunjika. Lakini pia ananunua gredi ambayo kiwanda kingeipeleka mnadani, na anailipia kidogo zaidi ya bei ya mnada, ili wamfungie kilo chache tu badala ya gunia. Sitaki kumtetea kupita kiasi. Muziki wake ni wa juu mno kwa mahali pa watu kuongea. Keki zake ni kavu, na mandazi, ambayo angeweza kuyanunua hatua thelathini kutoka hapo yakiwa moto, hana kabisa. Chai yake ya maziwa ni maji ya moto na maziwa pembeni kwenye kijagi, jambo ambalo kwa mtu aliyelelewa hapa ni dharau. Chai ya maziwa huchemshwa pamoja, inapanda, unaipuliza, inashuka, inapanda tena, mpaka maziwa na majani yasahau kwamba yaliwahi kuwa vitu viwili. Nilimwambia. Akasema wateja wa Kampala walipenda hivyo. Nikamuuliza Kampala iko wapi kutoka hapa, akacheka.

Wateja wenyewe walikuwa mchanganyiko. Wanafunzi wawili wa chuo waliokuwa wakigawana birika moja kwa muda mrefu kuliko subira yangu, Wazungu watatu wenye nywele zilizolowa, wa mitumbwi ya maporomoko, na mzee mmoja wa jirani aliyekaa barazani bila kuagiza chochote. Hakuna aliyemfukuza. Msichana alimpelekea glasi ya maji ya mchaichai bila kuandika popote. Kama hoteli hii itadumu, itadumu kwa hilo kuliko kwa saa ya mchanga, kwa sababu watu wa hapa hawasamehe mahali panapokuhesabia dakika.

Turudi kwa Taniboi, ambaye alikuwa ameanza kazi. Aliomba aletewe makopo yote manne. Akafungua la Toro, akanusa, akatikisa kichwa kwa kuridhika. La Kanungu, vivyo hivyo. La Buikwe akasema limekaa wazi, hewa ya ziwa imeliingia, chembe zimeanza kulainika, akasugua chache kati ya vidole kutuonyesha kwamba hazivunjiki zinavyotakiwa. La Bushenyi alilinusa, akalirudisha puani, akalisukuma mbele yangu.

"Mwalimu, nini hicho?"

Sikusikia kitu zaidi ya chai.

"Vitunguu," akasema. "Hii imelala na vitunguu."

Msichana alianza kubisha, halafu akanyamaza. Mzigo wa Bushenyi ulikuja kwa basi mpaka Kampala, ndani ya buti, na kutoka Kampala kwa taksi chini ya kiti. Katika buti ya basi la magharibi kunakaa nini? Kila kitu: ndizi, mbuzi wa sikukuu, galoni za maziwa, vitunguu. Alichukua kopo, akanusa mwenyewe, akanusa tena. Nilimwona usoni kwamba sasa anaisikia harufu ile, na kwamba hatauza tena kikombe kutoka humo. Alilipeleka jikoni bila neno. Mle ndani mlikuwa na fedha yake, na aliitupa. Nilimwonea fahari kuliko siku ya matokeo yake.

"Nani anakufungia kule?" Taniboi aliuliza, na sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine, ya dereva anayesimama mbele ya karani na hati mkononi. "Wanakutilia nailoni ndani ya karatasi, au karatasi tupu? Karatasi tupu ukomeshe. Na basi ukomeshe. Yapo malori yanarudi na yanapita hapa, vijana niliowafundisha mimi. Lakini lori halitabeba kilo tano zako, wanangu hao si wa kubeba mifuko ya sokoni. Chukua gunia."

"Gunia sitalimaliza, mzee. Litaharibika humu humu."

"Gawana."

"Na nani?"

Taniboi alinyoosha mkono kuelekea sokoni, upande wa mwembe. Msichana alifungua kinywa, akakifunga. Mama wa mwembe hanunui chai ya gredi, ananunua vumbi kwa pakiti, na anajua hesabu yake mpaka senti. Nilisema hivyo. Taniboi akasema mama wa mwembe hajawahi kuulizwa. Msichana akageuza risiti yetu akaanza kupiga hesabu nyuma yake: gunia, nauli, mgawo wa theluthi, na kama theluthi moja itakaa kwenye makopo ya bati yenye mfuniko wa kukaza. Namba zilikataa. Akazifuta, akaanza upya na nusu kwa nusu.

Kabla hajamaliza, Taniboi alikuwa ameshapiga simu Fort Portal, kwa karani wa ghala wa zamani, na kuiweka spika katikati ya meza, hata wale wanafunzi wakatoa vipokea sauti masikioni. Walisalimiana kwa dakika nzima, wakaulizana nani bado yu hai. Kisha karani akauliza wanataka gredi gani. "BP1," alisema Taniboi. "PF1," alisema msichana, kwa wakati uleule. Karani akangoja. Wakageukiana, kila mmoja akaanza kumweleza mwenzake kwa nini hajui chai, na mimi nikampungia mkono yule kijana mhudumu nilipe.